Msambao: Mwendo Usiosukumwa na Yeyote

Ukifungua chupa ya manukato kwenye kona ya chumba, baada ya dakika moja au mbili aliyekaa kona ya pili huisikia harufu. Mfano huu umo katika vitabu vingi vya shule, na wengi wanaukumbuka kuwa ndiyo maana ya difyusheni, yaani msambao. Naanza nao kwa sababu unapotosha. Molekuli za manukato zikiachwa zisambae zenyewe katika hewa iliyotulia kabisa, zitachukua wiki mbili hivi kufika umbali wa mita 5. Kinachoifikisha harufu puani upesi namna ile ni upepo mdogo usiouhisi: joto linalopanda kutoka miilini, mlango uliofunguliwa, mtu aliyepita. Hewa ndiyo inayosafiri, manukato yamepewa lifti tu.

Kubebwa na kuzurura ni mambo mawili. Msambao ni kuzurura. Neno hili limetoka maabara likaingia kwenye historia, kilimo, saikolojia, uandishi wa siri na sasa akili mnemba, na kila ninapolikuta huko huwa nauliza swali hilohilo: je, hapa kuna kitu kinachozurura chenyewe, au kuna mtu amekibeba? Jibu hubadilisha karibu kila kitu kinachofuata.

Hebu fikiria kumbi mbili zilizounganishwa kwa mlango mmoja. Ya kwanza ina watu 100, ya pili ina 10, na wote wamefungwa vitambaa machoni wakitembea ovyo. Kila mmoja ana bahati ileile ya kujikuta mlangoni. Lakini upande wenye watu 100 utatoa wapitaji wengi zaidi ya ule wenye 10, na baada ya muda kumbi zitakaribia kulingana, 55 kwa 55. Hakuna aliyejua kwamba upande wa pili kuna nafasi. Hakuna aliyetaka kwenda huko. Na kumbi zikishalingana, watu hawasimami. Wanaendelea kupita mlangoni huku na huku kwa idadi inayokaribiana. Ndiyo maana siupendi usemi kwamba molekuli "hutaka" kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Molekuli haina inachotaka. Wingi peke yake unatosha kuzaa mwelekeo.

Hili halikueleweka kwa siku moja. Mwaka 1827 Robert Brown, mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alitazama kwa hadubini chembe ndogo zilizotoka kwenye chavua zikielea majini, akaziona zinachezacheza bila kupumzika. Wazo la kwanza lingekuwa kwamba zina uhai. Brown akajaribu vumbi la kioo, akajaribu vumbi la mawe, hata unga wa kipande cha sanamu ya Sphinx ya Misri, kitu ambacho hakuna angekidhania kuwa hai. Vyote vilicheza. Maelezo yenyewe yalikuja mwaka 1905, pale Albert Einstein alipoonyesha kwa hesabu kwamba chembe hizo zinagongwa kila upande na molekuli za maji zisizoonekana, na kwamba umbali ambao chembe huwa imefika unaweza kukadiriwa. Jean Perrin wa Ufaransa akaupima umbali huo kwa subira kubwa, hesabu zikakubali, na waliokuwa bado wanabisha kwamba atomu si kitu halisi wakaanza kunyamaza. Perrin alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Kanuni ya msambao wenyewe ilikuwa imeandikwa nusu karne kabla ya Einstein, na aliyeiandika alikuwa mtu wa tiba. Mwaka 1855 Adolf Fick, Mjerumani wa fani ya fiziolojia, aliona kwamba chumvi ndani ya maji inasambaa kwa mtindo uleule ambao joto hupita ndani ya chuma: tofauti ya wingi kati ya sehemu mbili jirani ikiwa kubwa, mtiririko nao unakuwa mkubwa. Hakujua lolote kuhusu mitikisiko ya molekuli, na hata hivyo kanuni yake inatumika hadi leo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa mada yote. Anayezurura hafiki mbali. Hatua moja mbele, mbili nyuma, moja pembeni: umbali unaongezeka, ila kwa unyonge. Kwenda mara 2 mbali zaidi kunataka muda mara 4. Kwenda mara 10 mbali zaidi kunataka muda mara 100. Chukua molekuli ndogo, kwa mfano oksijeni ndani ya maji yaliyotulia. Kuvuka sehemu ya elfu moja ya milimita, ambao ni ukubwa wa bakteria, inatumia chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Kuvuka milimita moja inatumia dakika kadhaa. Sentimita moja, saa nyingi. Sentimita 10, karibu miezi miwili. Mita moja, miaka zaidi ya 10. Molekuli ni ileile, maji ni yaleyale, mwendo ni uleule. Umbali tu umebadilika, na kitu kilichokuwa cha haraka kuliko kupepesa jicho kimekuwa kitu cha kumaliza utoto wa mtu.

Miili yetu imejengwa kuizunguka hesabu hii. Moyo ni mtambo wa kubeba: unaisukuma damu katika safari ndefu kutoka kifuani hadi kidoleni, safari ambayo msambao ungeshindwa kabisa. Mishipa inagawanyika na kugawanyika mpaka inakuwa kapilari nyembamba, na seli nyingi za mwili zinakaa ndani ya sehemu ya kumi ya milimita hivi kutoka kwenye kapilari iliyo karibu. Kile kipande kidogo cha mwisho ndicho kinachoachiwa msambao, na hapo unafanya kazi upesi na bila gharama yoyote. Bakteria hana moyo kwa sababu hana haja nao. Seli moja ikitaka kuwa kubwa lazima itafute ujanja, kama yule bakteria Thiomargarita namibiensis aliyetangazwa mwaka 1999 baada ya kupatikana kwenye matope ya chini ya bahari ya Namibia. Anaonekana kwa macho matupu, lakini sehemu kubwa ya mwili wake ni mfuko wa maji yenye naitreti; utomvu ulio hai ni tabaka jembamba pembeni, ambamo hakuna cha kusafiri mbali.

Kwenye mapafu mambo yanapendeza zaidi. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mwembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, na ukitandaza vifuko vyote vya hewa vya mapafu ya mtu mzima unapata eneo la mita za mraba 70 hivi. Mtu akiwa ametulia, chembe nyekundu ya damu inapita kwenye kapilari ya pafu kwa robo tatu ya sekunde, na oksijeni inakuwa imeshajaa katika robo ya kwanza ya sekunde tu. Theluthi mbili za muda ni akiba. Ndiyo sababu mtu ambaye ukuta huo umeanza kuwa mnene kwa maradhi anaweza kukaa kitini asijue kitu, kisha akapanda ngazi akakosa pumzi: damu inapita kwa kasi, akiba imekwisha, oksijeni haijamaliza kuvuka.

Kwamba hayo yote ni msambao tu, bila msaada, kulizua ugomvi wa kweli. Mwanzoni mwa karne ya 20 Christian Bohr, bingwa wa fiziolojia wa Copenhagen na baba wa mwanafizikia Niels Bohr, alishikilia kwamba pafu hufanya kazi kama tezi: huisukuma gesi lenyewe na kuitia kwenye damu. August Krogh alikuwa msaidizi wake. Yeye na mkewe Marie, aliyekuwa daktari, walitengeneza kifaa ambamo kipovu kidogo sana cha hewa kiligusana na damu mpaka vikalingana, kisha wakakipima kipovu. Kila walipopima, shinikizo la oksijeni katika damu lilikuwa chini ya lile la hewa ya kwenye pafu. Kama pafu lingekuwa linasukuma, ingewahi kutokea damu ikazidi. Haikuzidi. Mwaka 1910 walitoa makala saba mfululizo dhidi ya fundisho la mwalimu, na wao wenyewe walifahamu uzito wa kufanya hivyo. John Scott Haldane wa Uingereza aliendelea kuitetea hoja ya kusukuma kwa miaka mingi, hasa kwa watu walio juu milimani, lakini vipimo havikumfuata.

Marie Krogh hatajwi inavyostahili. Mwaka 1915 alieleza namna ya kupima uwezo wa pafu kupitisha gesi: mtu anavuta hewa yenye kiasi kidogo mno cha kaboni monoksaidi, anaizuia pumzi kwa muda mfupi, anaitoa, kisha kinahesabiwa kiasi kilichopotelea kwenye damu. Hospitali zinatumia kipimo cha ukoo huohuo hadi leo, na mgonjwa anaambiwa azuie pumzi kwa sekunde 10 hivi.

Vitu vigumu navyo husambaa. William Roberts-Austen alionyesha mwaka 1896 kwamba dhahabu hupenya ndani ya metali ya risasi ikiwa bado ngumu, haijayeyuka. Wahunzi walikuwa wakiutumia mwendo huo siku nyingi kabla haujapewa jina, wakikitia chuma kaboni kwa kukiweka kwenye moto mkali muda mrefu ili ngozi yake iwe ngumu. Na viwanda vya vifaa vya elektroniki vilijifunza kuingiza boroni au fosforasi ndani ya silikoni kwa joto la nyuzi 1000 hivi za Selsiasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga huko Oak Ridge, Tennessee, mtambo wa K-25 uliotumia msambao kuchambua urani kwa ajili ya bomu la atomiki. Thomas Graham alikuwa ameonyesha tangu miaka ya 1830 kwamba gesi nyepesi hupenya upesi kuliko nzito. Gesi ya urani nyepesi na ile ya urani nzito zinatofautiana kidogo sana kwa uzito, kiasi kwamba kupita mara moja kwenye kiwambo chenye vitundu kunaongeza faida isiyofika nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo gesi ilipitishwa hatua moja baada ya nyingine, maelfu ya hatua, ndani ya jengo lililokuwa kati ya makubwa zaidi duniani. Katika orodha yangu huu ndio mfano unaonihuzunisha: mwendo usio na nia, umewekwa kazini kwa nia iliyo wazi kabisa.

Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, aliuona upande mwingine. Kila mtu anajua kwamba msambao hufuta: tone la wino linapauka, mpaka unafifia, kila kitu kinakuwa sawa. Mwaka 1952, miaka miwili kabla ya kifo chake, Turing alithibitisha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazoathiriana, moja ikisambaa upesi kuliko mwenzake, zinaweza kuuvunja usawa huo na kuzaa madoa au milia mahali ambapo hapakuwa na mchoro wowote. Mwaka 1995 Shigeru Kondo na Rihito Asai walifuatilia milia ya samaki wa matumbawe wa jenasi Pomacanthus. Samaki alipokua, milia iligawanyika na kusogea kama hesabu za namna ya Turing zilivyotabiri. Msambao unaochora! Sijui kama kuna matokeo mengine ya fani hii yanayonifurahisha kiasi hicho.

Halafu neno likahamia kwa watu, na hapa ndipo swali langu linapokuwa kali. Wasomi wa tamaduni walilichukua mapema kueleza jinsi ufinyanzi, hadithi au kilimo vilivyoenea. Wengine walivuka mipaka. Grafton Elliot Smith, bingwa wa anatomia, alidai kwamba karibu ustaarabu wote ulitoka Misri, mpaka piramidi za Amerika. Wazo hilo lilikuwa na sumu ndani yake, kwani liliwachukua watu wa sehemu kubwa ya dunia kuwa hawawezi kubuni chochote mpaka waletewe.

Mwanaanthropolojia Alfred Kroeber aliandika mwaka 1940 juu ya jambo jepesi zaidi na la kweli zaidi: mara nyingine kinachosafiri ni wazo tu, bila kitu chenyewe. Mfano mzuri ni Sequoyah wa watu wa Cherokee, wenyeji wa asili wa Amerika. Hakujua kusoma Kiingereza. Aliona tu kwamba Wazungu wanaweka alama kwenye karatasi na alama hizo zinasema. Akajifungia na tatizo hilo kwa miaka, na kufikia 1821 alikuwa na herufi zipatazo 86, karibu kila moja ikisimama kwa silabi nzima. Baadhi zinafanana na za Kilatini kwa umbo, lakini sauti zake hazina uhusiano nazo kabisa: yenye umbo la D inasomeka "a", yenye umbo la W inasomeka "la". Mwaka 1828 watu wake walikuwa na gazeti lao. Je, hapo kitu kilizurura? Kilichovuka ni habari kwamba jambo hilo linawezekana. Kazi yote iliyobaki ilifanywa na mtu mmoja aliyeikusudia, na kuiita msambao bila kumtaja yeye ni kumwibia.

Kilimo cha Ulaya, kwa upande wake, kinakaribia maana ya asili kuliko nilivyotarajia. Katika miaka ya 1970 Albert Ammerman na Luca Cavalli-Sforza walikokotoa kwamba kilimo kiliingia Ulaya kutoka kusini-mashariki kwa kasi ya kilometa moja hivi kwa mwaka, na wakasema wakulima wenyewe ndio waliosogea: mtoto akikua anafungua shamba mbele kidogo ya la baba yake, wajukuu nao vivyo hivyo. Hakuna aliyepanga kuivuka Ulaya. Vinasaba vilivyopatikana kwenye mifupa ya kale vimekubali kwa sehemu kubwa kwamba watu walihama pamoja na mbegu zao.

Mbegu chotara za mahindi huko Iowa ni kisa cha namna nyingine. Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha mwaka 1943 uchunguzi wao wa wakulima 259. Wote isipokuwa wawili walizikubali mbegu hizo kati ya 1928 na 1941, na mstari wa waliozikubali ulipanda taratibu, ukapaa, kisha ukatulia. Wengi walisikia habari kwanza kutoka kwa wauzaji, lakini jirani ndiye aliyewashawishi. Everett Rogers, aliyekulia shambani Iowa, aliijengea mada hiyo nadharia nzima katika kitabu chake cha mwaka 1962. Baba yake mwenyewe alipenda mashine mpya, ila mbegu chotara alizikataa, mpaka ukame wa 1936 ulipoyanyausha mahindi yake huku chotara za majirani zimesimama.

Baba huyo ndiye tofauti ninayoitafuta. Molekuli haikatai, haisubiri kuona ya jirani, wala haipotezi mavuno. Rogers aliwagawa watu mafungu matano, kuanzia asilimia 2.5 ya watangulizi hadi asilimia 16 ya wanaochelewa, na asilimia hizo zinanukuliwa kana kwamba zimetokana na sensa. Zimetokana na kuukata mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele mahali panapofaa. Kibaya zaidi ni kumwona aliyechelewa kuwa ndiye mwenye kasoro, wakati pengine hana fedha, au amekipima kitu akaona hakimfai. Rogers mwenyewe alilionya hilo, na waliomfuata hawakulisikiliza vya kutosha.

Wanasaikolojia nao wana msambao wa wajibu. John Darley na Bibb Latané walifanya jaribio mwaka 1968: mtu anamsikia mwenzake kwenye spika akipata kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Matokeo ni mazito, jina naona linalegea, maana hakuna kinachosafiri hapo. Wajibu umegawanywa mafungu mpaka kila mmoja akaona fungu lake halitoshi kumwinua kitini. Claude Shannon alilitumia neno vizuri zaidi mwaka 1949 katika elimu ya kuficha maandishi: badilisha herufi moja ya ujumbe, na athari yake ienee fumbo zima pasibaki alama ya mahali ilipotoka.

Leo ukilisikia neno hili, kuna uwezekano mkubwa linahusu picha zinazotengenezwa na kompyuta. Wazo lilitolewa mwaka 2015 na Jascha Sohl-Dickstein na wenzake, waliolichukua moja kwa moja kutoka fizikia, na mwaka 2020 Jonathan Ho, Ajay Jain na Pieter Abbeel waliliboresha mpaka picha zikavutia. Unachukua picha, unaitia chengachenga kidogo, na tena kidogo, mara 1000, mpaka hakuna kilichobaki ila chenga tupu. Programu inafundishwa kukisia, katika kila hatua, ni chenga zipi zimeongezwa. Ikishajua, unaipa chenga tupu na kuiambia izipunguze hatua kwa hatua, na sura ambayo haikuwahi kuwepo inajitokeza. Nusu ya kwanza ya kazi hiyo ni msambao halisi, kuzurura kulekule kwa Brown. Nusu ya pili ina anayesukuma: programu iliyoona mamilioni ya picha inaelekeza kila hatua, na umeme mwingi unalipia mwelekeo huo.

Njia hiyohiyo imeingia kwenye biolojia. Mwaka 2023 maabara ya David Baker, katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ilitoa RFdiffusion, programu inayoanza na vipande vya protini vilivyotapakaa ovyo na kuvisogeza taratibu mpaka likatokea umbo linaloweza kukunjika. Mwaka uliofuata Baker alipata sehemu ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake ya kubuni protini. Maumbo hayo hutengenezwa maabara na kujaribiwa kama yanashika shabaha iliyokusudiwa, tuseme kipande cha kirusi. Mengi hayashiki. Yanayoshika ni protini ambazo hakuna kiumbe aliyewahi kuzitengeneza.